Goldenberg na dhahabu hewa: yanayosemwa na yaliyokuwa

"Ulikuwa wizi wa kuvunja kufuli usiku."

Hapana. Katika kashfa ya Goldenberg ya Kenya, fedha za umma zililipwa kama fidia ya mauzo ya dhahabu na almasi yaliyokuwa hewa. Mlango ulifunguliwa mchana, kwa barua. Kenya ilikuwa na sheria ya kuwafidia wenye viwanda wanaouza bidhaa nje asilimia 20 ya mauzo yao. Mwaka 1990, nchi ikiwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, kampuni ya Goldenberg International ya Kamlesh Pattni iliiahidi serikali kuingiza nchini dola milioni 50 kwa mwaka. Masharti yake yalikuwa mawili: iwe peke yake katika kuuza nje dhahabu na almasi, na ilipwe asilimia 35. Hazina ikakubali. Ile 15 ya nyongeza Bunge halikuwahi kuipitisha. Ililipwa kama hisani.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ukitangaza mauzo ya shilingi milioni 100, unadai milioni 35. Ushahidi ni karatasi: fomu ya forodha ya CD3 yenye muhuri, na uthibitisho wa benki kwamba dola zimeingia. Kenya haikuwa na mgodi wa almasi, na dhahabu yake ilikuwa kidogo mno kwa mauzo yaliyokuwa yakitangazwa. Mkaguzi akiishia kwenye muhuri, sanduku laweza kuwa tupu na fidia ikalipwa. Tena mwombaji hakulazimika kungoja: ulikuwepo mkopo wa kabla ya kusafirisha mzigo, hivyo fedha za umma zilitoka kabla hata ya hiyo karatasi ya mauzo.

"Tajiri alikuwa nje, akawahonga wa ndani."

Picha hii ndiyo inayotupotosha zaidi, kwa sababu inatufanya tuwinde bahasha peke yake. Mkurugenzi mwenza wa Goldenberg alikuwa James Kanyotu, mkuu wa idara ya ujasusi. Biashara na serikali zilikaa meza moja. Ukitaka kujua nani anaandika sera, anza na majina ya wakurugenzi na wenye hisa, kisha uliza nani alipewa haki ya kuuza peke yake, bila ushindani.

"Wakubwa walikula, mwananchi hakuguswa."

Aliguswa dukani. Fedha za Goldenberg, pamoja na zile zilizomwagwa kwa kampeni za uchaguzi wa Desemba 1992, zilijaza shilingi sokoni. Mwaka 1993 mfumuko wa bei ulifika takriban asilimia 46, na shilingi ikaporomoka mbele ya dola. Mshahara wa mwalimu haukupanda kwa kasi hiyo.

Karani wa Benki Kuu aliyefichua nyaraka za malipo ya Goldenberg, David Munyakei, alikamatwa na kufukuzwa kazi.

"Tume iliundwa, mambo yakaisha."

Tume ya Jaji Bosire ya kuchunguza kashfa hii iliundwa 2003 na ripoti yake ikatoka 2006. Tume huchunguza na kupendekeza, haifungi mtu. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ilisitisha mashtaka dhidi ya Pattni. Desemba 2024, Marekani na Uingereza zilimwekea vikwazo zikimtuhumu kwa magendo ya dhahabu, safari hii ya Zimbabwe.