Amo dhidi ya Descartes: anayeumia ni nani?

Wengi wanaomtaja mwanafalsafa Anton Wilhelm Amo humtaja kwa ajili ya maisha yake. Ni maisha mazito kweli: kuzaliwa karibu na Axim, katika Ghana ya leo, mwanzoni mwa karne ya 18, kupelekwa Ulaya angali mtoto na kukabidhiwa watawala wa Wolfenbüttel, Ujerumani, kusoma katika vyuo vya Halle na Wittenberg, kufundisha hadi Jena, kisha kurudi kwao. Lakini mwanafalsafa Mjerumani Leibniz tunamsoma kwa hoja zake, na Amo anastahili vivyo hivyo.

Chanzo cha ugomvi wake na Descartes, mwanafalsafa Mfaransa wa karne ya 17 aliyeitenga nafsi na mwili, ni barua. Mei 1643 Elisabeth wa Bohemia, binti wa ukoo wa kifalme uliokuwa uhamishoni The Hague, alimuuliza Descartes: ikiwa nafsi ni kitu kinachofikiri tu, kisicho na urefu wala upana, inausukumaje mwili? Kusukuma kunataka kugusana. Descartes akajibu mwezi huohuo kwamba nafsi ina mambo mawili: inafikiri, na kwa kuwa imeungana na mwili, inaweza kutenda na kutendwa pamoja nao. Jibu hilo halikumtosha Elisabeth, na mimi sioni kwa nini limtoshe mtu yeyote.

Katika tasnifu yake ya mwaka 1734 huko Wittenberg, Amo ananukuu jibu hilohilo na kulikata katikati. Kutenda pamoja na mwili anakubali, kutendwa, hapana. Nafsi haihisi kitu. Hoja yake inakwenda hatua kwa hatua: kinachohisi kinaishi, kinachoishi hulishwa na kukua, mwishowe huvunjika na kurudi kwenye asili zake, na kinachovunjika kina sehemu. Basi nafsi ikihisi, ni mwili unaogawanyika. Kidole kikiungua, kinachoumia ni mwili ulio hai.

Kumbuka Amo hamshambulii Descartes kwa kutenganisha nafsi na mwili. Kosa la Descartes, kwake, ni kutovitenganisha vya kutosha.

Mawazo haya aliyatoa wapi? Kwasi Wiredu, mwanafalsafa wa Ghana, alidokeza kwamba huenda ni masalia ya fikra za Waakan, watu wa huko kwao Amo, ambao hawaweki hisia upande wa akili. Dokezo linavutia, ila Amo aliondoka kwao mdogo mno, kwa hiyo silitegemei. Wanazuoni Stephen Menn na Justin Smith, waliochapisha tasnifu zake kwa Kilatini na Kiingereza mwaka 2020, wanamsoma ndani ya mabishano ya matabibu wa Halle, alikofundisha tabibu Georg Ernst Stahl, aliyeipa nafsi usimamizi wa kazi zote za mwili. Hapo naona ushahidi zaidi. Paulin Hountondji, mwanafalsafa wa Benin, naye alisikitika kwamba kazi hii haikuwa na wasomaji Waafrika wa kujibizana nayo.

Ugumu mkubwa uko kwingine. Elisabeth, katika barua yake ya Juni, aliuliza pia upande wa pili: mbona mtu mwenye akili timamu hupoteza uwezo wa kufikiri kwa sababu ya mvuke tu mwilini? Amo angeweza kusema kwamba nafsi haijadhurika, imenyimwa chombo chake tu, kama seremala aliyevunjikiwa msumeno. Jibu hilo ni zuri kwa homa, lakini kwa maumivu halitoshi. Nafsi isiyotendwa kamwe itajuaje kwamba kidole kinaungua, hadi iamue kukiondoa? Amo anasema nafsi hutenda kwa kusudi, ikiwa imekwisha kujua inachotaka kufanya. Kujua huko kumeingilia mlango gani, ikiwa kila mlango umefungwa?

Wanaotaka kumtetea waanzie tasnifu ya pili ya 1734, aliyoitetea Johannes Theodosius Meiner chini ya uenyekiti wa Amo, kuhusu yaliyo ya nafsi na yaliyo ya mwili hai. Ni fupi, na ndiyo inayopambanua kwa ukaribu zaidi kazi za kila upande.