Watoto kwenye pati zetu za ukumbini huku Uingereza, sheria inasemaje

Kazi yangu ni kufundisha kozi ya leseni ya kuuza pombe huku England, nafundisha mameneja wa baa, wenye kumbi, na siku hizi wabongo na wakenya wengi tu wanakuja maana kila wikiendi kuna shughuli, mara sendofu, mara kipaimara, mara bendi imeletwa kutoka nyumbani. Swali linaloulizwa sana ni mtoto akija kaunta kuomba bia nifanyeje. Humuuzii, chini ya miaka 18 hauziwi, basi, na ukimuuzia faini siku hizi haina kikomo. Ila mi hilo halininyimi usingizi, kwenye harusi zetu nani kaona mtoto wa miaka kumi amepanga foleni kaunta? Shida yetu inaanza saa sita usiku.

Sheria yenyewe ni Licensing Act ya 2003, ilianza kufanya kazi Novemba 2005, England na Wales (Scotland wana ya kwao). Ina malengo manne, na moja ni kumlinda mtoto na madhara, na mwongozo wa serikali unasema madhara ya mwili, ya akili na ya maadili, yani sio pombe peke yake. Sasa kuna kifungu cha 145 ambacho watu wetu hawakijui kabisa: kuanzia saa sita usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, kama kaunta iko wazi watu wanauziwa na kunywea hapohapo, mtoto wa chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwepo bila mtu mzima wa miaka 18 na kuendelea aliyefuatana naye. Na kama sehemu ni ya kunywa tu au kimsingi ni ya kunywa, hata mchana haruhusiwi akiwa peke yake. Anayebanwa hapo ni msimamizi, mtoto hana kesi. Na usiseme "sisi tumekodi ukumbi tu hatuna baa", ukishachukua ile notisi ya muda ya kaunsili (halmashauri) wanayoiita TEN, yani ya kuuza pombe kwenye shughuli moja sehemu isiyo na leseni, ukumbi wa kanisa nao unaingia humohumo.

Wakenya mnaijua sheria yenu ya pombe ya 2010, ile mnayoiita ya Mututho, ile imekaza, chini ya 18 hata kuingia panaponywewa pombe haitakiwi na baa iwe angalau mita 300 kutoka shule. Huku mtoto anaingia pub na mama yake mchana kweupe anakula chipsi zake, ndo maana watu wanajiachia wakidhani hamna mipaka.

Haya, "aliyefuatana naye" ni nani? Hapa ndo penyewe. Sisi kila mtu ni anko na kila mtu ni anti, mtoto ni wa wote, sasa ukipita na mic saa saba usiku ukauliza huyu aliyelala kwenye viti viwili karibu na spika ni wa nani, watu kumi wanakujibu "yuko na sisi", mama yupo mbele anatunza, baba yuko nje anavuta sigara, na huyo anko anayemwambia "njoo nikupeleke chooni" hakuna anayemjua kwa jina, alikuja na rafiki wa bwana harusi. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, mi nawaambia wanafunzi wangu ukumbini saa saba usiku msiutegemee huo msemo.

Kwa iyo mi nashauri mlangoni kila mtoto aandikwe na mtu mzima mmoja kwa jina na namba ya simu, wote wawili wavae mkanda wa mkononi wa rangi moja, na mtoto hatoki nje ya mlango ule na mtu mwingine hata kama ni mjomba wake wa kweli mpaka aliyeandikwa apigiwe. Watu watanuna. Wanune. Afu mtu mmoja asiyekunywa awe anazungukia vyoo na parking, sio kukaa mlangoni tu. Na MC atangaze tangu mwanzo kwamba saa tano keki imeisha watoto wanaenda nyumbani, maana kipaimara mwenye sherehe ana miaka 14, saa nane usiku anabaki kufanya nini pale, wakubwa ndo wanaotaka pati.

Mambo ya kinywaji kwa haraka. Wa miaka 16 na 17 anaweza kunywa bia, waini au saida (cider, pombe ya matufaha) akiwa mezani anakula chakula kamili, akiwa na mtu mzima, na mtu mzima ndo amenunua. Konyagi hapana, na karanga sio chakula. Nje ya hapo ukimnunulia wewe mzazi kaunta ukampa, kosa ni lako. Na kitambulisho kiwe na picha, tarehe ya kuzaliwa, na hologramu au alama ya mwanga wa UV, pasipoti ya Tanzania au Kenya inafaa, picha ya pasipoti kwenye simu usiipokee.

Mwisho swali la mchango, yani watu wakichangia shughuli, je pombe ni ya bure au inauzwa? Kama pombe ni bure kabisa huhitaji TEN kwa ajili ya pombe, lakini tiketi ikiwa na vinywaji ndani yake hayo ni mauzo, na mchango wa lazima ili upate kadi mi naona uko karibu sana na tiketi, kwa iyo lipa pauni 21 za TEN ulale salama. Peleka siku 10 za kazi kabla, bila kuhesabu siku ya kupeleka wala siku ya shughuli, na msizidi watu 499 humo ndani, wapishi na bendi nao wanahesabiwa, watoto pia. Ukichelewa kuna ya dharura ya kati ya siku 5 na 9 za kazi, ila polisi wakiipinga imekufa hapohapo, hamna kusikilizwa, na ukumbi umeshalipia.