Je, wajua kwa nini wakala rasmi wa magari huanza moja gari likishapita gereji ya mtaani?

Taa ya cheki injini imewaka kwenye Toyota IST. Fundi wa Sinza anachomeka kimashine chake cha kusoma hitilafu, anasoma, anabadilisha koili moja, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, anafuta. "Tayari bosi, imezima, wewe tembea tu." Haipiti wiki, taa hiyo. Safari hii inafungwa sensa ya oksijeni, kifaa kinachopima moshi wa gari, spea imetoka Kariakoo. Taa inarudi tena. Mwenye gari anachoka, anashika Barabara ya Nyerere kwenda kwa wakala, na jambo la kwanza analoambiwa mapokezi ni ada ya kupima. Anaeleza kwamba gari limeshapimwa, tena zaidi ya mara moja. Anajibiwa kwa upole: "Sawa kaka, ila hatuwezi kuendelea pale alipoishia mwenzetu."

Wengi hapo huona wanaibiwa. Wapo wanaoibiwa kweli, lakini mara nyingi pesa hiyo inalipia kitu kingine: habari zilizofutwa mtaani bila mtu kuziandika popote.

Kompyuta ya gari haisemi "koili imekufa". Inatoa namba. P0301, kwa mfano, maana yake ni kwamba silinda ya kwanza haichomi mafuta sawasawa. Basi. Sababu inaweza kuwa koili, plagi, injekta, waya, hewa inayovuja au mgandamizo uliopungua ndani ya injini. Namba ile inapohifadhiwa, kompyuta hutunza pia hali ilivyokuwa dakika ile: injini ilikuwa ikizunguka kwa kasi gani, maji yalikuwa na joto kiasi gani, gari lilikuwa mwendo gani. Hitilafu inayotokea alfajiri injini ikiwa baridi haitafutwi sawa na ile inayotokea gari likipanda mlima limejaa watu. Fundi akibonyeza kitufe cha kufuta, vyote hivyo vinakwenda pamoja na taa.

Kuna na hili ambalo wengi hawalijui. Gari hujipima lenyewe likiwa linatembea, na ukifuta, vipimo vingi kati ya hivyo huanza upya. Baadhi vinahitaji injini iwashwe ikiwa imepoa kabisa, vingine vinataka mwendo usiobadilika kwa dakika kadhaa. Sasa mwendo usiobadilika Dar utaupata wapi mchana, hata baada ya kujengwa daraja la Mfugale pale Tazara? Ndiyo maana unaambiwa uliache gari, kesho yake unaambiwa bado.

Halafu kuna waya. Hapa ndipo saa nyingi za wakala zinakoishia. Sensa nyingi huongea na kompyuta kwa umeme mdogo sana, usiozidi volti 5, na ile ya oksijeni ya kawaida haifiki hata volti moja. Fundi akikata waya, akausokota kwa vidole na kuuzungushia solotepu, siku ile utafanya kazi vizuri tu. Lakini kwa unyevu wa pwani na joto la injini, tepu inaachia, shaba inaota ukijani, umeme unapungua njiani. Kompyuta inasoma uongo, kimashine kinataja sensa, sensa nzima inatupwa. Unanunua mpya, nayo inafungwa kwenye kiungo kilekile kibovu. Mtu wa wakala akifungua na kukuta viungo vya namna hiyo vitatu, lazima afuate kila waya kwa mita ya kupimia umeme, na saa hizo zinaingia kwenye bili yako.

Oili za geabokisi ni kisa kingine. Geabokisi za CVT, yaani otomatiki zisizo na gea za ngazi, zilizomo kwenye magari mengi madogo ya Japani, hutegemea mkanda wa chuma ung'ang'anie puli bila kuteleza, na oili yake imetengenezwa kwa kazi hiyo. Zikimwagwa ATF za kawaida, yaani oili za otomatiki zenye gea, kwa sababu "zote ni oili tu bosi", mkanda huanza kuteleza na kujikwaruza. Usipomwambia wakala kilichowekwa, atakisia, na atakisia upande wa gharama kubwa.

Kwa IST yenyewe kuna kichekesho. Hiyo ya kwanza, ya 2002 hadi 2007, ilitengenezwa kwa soko la Japani na ikatufikia ikiwa mtumba. Kwa hiyo wakala wa hapa hakuwahi kuiuza. Namba yake ya chasisi huanza na NCP60, NCP61 au NCP65 na ni fupi kuliko ile ya herufi na tarakimu 17 ya magari ya masoko mengine. Kwa gari la namna hiyo, fundi aliyezifungua mpaka amezichoka Gerezani anaweza kuwa mjuzi kuliko kijana mwenye sare safi. Tatizo la mtaani kwa maoni yangu si ujuzi. Ni kutoandika.

Wakala naye ana woga wake. Kazi anayoifanya anaiwekea dhamana, kwa hiyo gari likizimika kesho atadaiwa yeye, hata kama kilichokufa ni spea uliyoileta mwenyewe kwenye mfuko. Ndiyo sababu wengi hukataa kufunga spea ya mteja.

Kama gari ni jipya na bado lina dhamana ya kiwanda, usikubali haraka jibu la "uliligusisha nje". Afrika Kusini, tangu Julai 2021, miongozo ya tume yao ya ushindani inawaruhusu wenye magari yenye dhamana kutumia gereji huru, na Marekani wana sheria ya dhamana yenye mwelekeo huo tangu 1975. Huku kwetu soma kijitabu chako cha dhamana, kisha omba waandike kwa karatasi ni kifaa gani kimeharibika na kazi ya nje imekiharibu vipi. Wakigoma na huridhiki, Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko ya walaji.

Mtaani, piga picha ya namba kwenye kimashine kabla fundi hajafuta, na umwombe akurudishie spea kuukuu. Koili aliyoitoa inaweza kuwa nzima, na kwa wakala ni ushahidi mzuri kuliko maelezo yako yote. Mapokezi, taja kila kilichoguswa, hata kile unachokionea aibu. Kisha nawe uliza: wakisema injekta zote nne zimekufa, zimepimwaje, na majibu ya kipimo yako wapi? Fundi aliyepima kweli atakuonyesha. Asiyepima atakuambia "kitaalamu ndivyo ilivyo", na hapo una haki ya kuchukua funguo zako.