Asilimia 100 ya akina nani?

Mzazi mwingine tena kanitumia kipeperushi cha shule ya charter hapa Marekani: wahitimu wote wamepata chuo kikuu. "Mwalimu, nimhamishie mwanangu huko?" Nafundisha aljebra darasa la tisa kwenye shule ya aina hiyohiyo, na swali hili limenichosha.

Charter si shule binafsi. Ni ya umma, haina ada, inaendeshwa kwa mkataba. Waombaji wakizidi nafasi, wanachaguliwa kwa bahati nasibu. Jimbo la Minnesota ndilo lililoanza, kwa sheria ya 1991. Tuendelee.

Kinachoniudhi ni idadi isiyotajwa. Urban Prep, charter ya Chicago, ilitangaza 2010 kwamba wahitimu wake wote 107 wamekubaliwa vyuoni. Hongera zao, maana wengi walifika hawajui kusoma kwa kiwango cha darasa lao. Ila kundi hilohilo lilipoingia la tisa mwaka 2006, lilikuwa na vijana wapatao 150.

Hata kiwango rasmi cha kuhitimu kina tundu. Anayeacha shule anabaki kwenye hesabu ya shule yake; anayehama anafutwa, anaandikwa kule alikopokewa. Sasa mtoto ana F tano, mzazi anaambiwa kwa upole "labda hapa hapamfai", Machi yuko shule ya mtaani. Huku asilimia haitikisiki. Akikwama kule, walimu wa kule ndio wabovu! Na kiti chake kisipojazwa, darasa la kumi na mbili, la mwisho, wanabaki wanaoweza tu. Kwa mtindo huo hata mimi ningeitwa gwiji.

Tena kukubaliwa si kumaliza. KIPP, mtandao wa shule za charter, nawaheshimu kwa hili: walitangaza wenyewe 2011 kwamba asilimia 33 ya wanafunzi wao wa mwanzo ndio waliopata shahada. Kwa watoto wa familia maskini hiyo ni nyingi. Haipendezi kwenye kipeperushi, basi.

Darasani kwangu kuna kijana wa miaka 16 aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kapangwa la tisa kwa umri. Hesabu za sehemu, nusu na robo, zinampiga chenga, mtaala unadai milinganyo. Wakubwa wanasema songa mbele, ziba mapengo njiani. Njia ipi, na kipindi kimoja kwa siku? Nachanganya yote mawili, na sina hakika namsaidia. Kuna siku nadhani shule kubwa ya wilaya, yenye walimu wengi wa Kiingereza kwa wageni, ingemfaa kuliko sisi.

Kwa hiyo, mama, ukienda kuulizia shule, kipeperushi kiache kwenye gari. Uliza la tisa waliingia wangapi, la kumi na mbili wako wangapi, na walioondoka wamekwenda wapi. Mwenyeji wako akianza kukuonyesha maabara mpya, rudia swali.