Kiwanja kitupu nacho ni makazi

Katika kazi yangu ya ikolojia, swali hili sichoki kuulizwa: "Mdudu mwenyewe hapa hayupo, sasa mnalinda nini?" Jibu lake ni metapopulesheni: vikundi vidogo vya kiumbe mmoja vinavyoishi mbalimbali, vikiunganishwa na wachache wanaohama kati yao.

Twende visiwa vya Åland, Finland, kwa kipepeo aitwaye Melitaea cinxia. Viwavi wake hula aina mbili tu za mimea, nayo huota kwenye viwanja vya nyasi vilivyotawanyika. Vinavyojulikana leo ni kama 4,000, vingi vidogo mno. Tangu 1993, timu iliyoanzishwa na mwanaikolojia Ilkka Hanski huvikagua kila mwaka kabla ya baridi. Viwavi ndugu hufuma utando mzito wa hariri karibu na ardhi na kulala humo hadi baridi ipite, kwa hiyo kazi ni kuinama, kufunua majani na kuhesabu tando. Afadhali hivyo kuliko kukimbizana na vipepeo.

Mwaka wowote utakaokwenda, viwanja vingi ni vitupu. Ukame hukausha mimea, nyigu huvamia viwavi, au ndugu huzaana wenyewe kwa wenyewe hadi kizazi kikadhoofika, na kikundi kinakwisha. Kisha jike mwenye mayai anavuka kutoka kiwanja jirani, maisha yanaanza upya.

Mwanaikolojia Richard Levins aliliweka hili kwenye hesabu mwaka 1969, akiwaza kuhusu wadudu waharibifu wa mazao. Sehemu ya viwanja vyenye wakazi hutulia kwenye 1 − e/c, ambapo e ni kasi ya vikundi kufa na c ni kasi ya kuhamia viwanja vitupu. Tuseme e ni 0.2 na c ni 0.5: asilimia 60 vina wakazi, 40 vitupu, ingawa si vilevile kila mwaka. Sasa jenga juu ya asilimia 60 ya viwanja vyote. Asilimia 40 iliyobaki haikuguswa, lakini wahamiaji wengi sasa hawapati pa kutua: kasi ya kuhamia inashuka hadi 0.2, sawa na ile ya kufa, na mdudu atatoweka kote, tena polepole, miaka mingi baada ya mkandarasi kulipwa na kuondoka.

Levins alichukulia viwanja vyote kuwa sawa; Hanski ndiye aliyeingiza ukubwa na umbali. Na umbali ndio unaotuumiza kwenye milima ya Taita, Kenya. Kule kuna ndege, Turdus helleri, aliyebaki kwenye vipande vya msitu kama Mbololo, Ngangao na Chawia, na kuvuka mashamba kwake ni nadra. Wapo wanaoita hali hiyo metapopulesheni; mimi naona ni kuipamba. Chawia ikipoteza ndege wake, nani atawarudisha? Kwanza ndege huyu apewe njia ya miti ya asili katikati ya mashamba, ndipo tuanze kuhesabu eka za hifadhi.