Viazi vya Isyonje, makubaliano ya WhatsApp: yanayosemwa na yaliyomo kwenye sheria

"Bila karatasi na mhuri hakuna mkataba." Hii husikika sana Uyole na Mwanjelwa, jijini Mbeya, na imewafanya wengi wakate tamaa mapema. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inasema ujumbe haukataliwi mahakamani kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Mkikubaliana WhatsApp gunia 40 za viazi, bei na siku ya kupakia, mmekubaliana. Ila ipo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya enzi za mkoloni: bidhaa ya kuanzia shilingi 200 (ndiyo, mia mbili) hudaiwa mahakamani ikiwa kuna maandishi yaliyosainiwa, au sehemu ya bei imelipwa, au sehemu ya mzigo imepokelewa. Kwa hiyo omba advansi, hata ndogo, na kwenye meseji itajwe ni ya mzigo upi.

"Skrinishoti inatosha." Hapa ndipo kesi huharibika. Kupokewa ni jambo moja, kuaminiwa ni jingine: mahakama hutazama ujumbe ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa, na aliyeutuma. Skrinishoti mara nyingi huonyesha jina ulilosevu, si namba, na jina lolote linaweza kubandikwa kwenye namba yoyote. Akili mnemba nayo sasa inaiga hata sauti. Basi usifute mazungumzo, wala usiuze simu kabla shauri halijaisha. Fungua wasifu wa mnunuzi namba ionekane. Printi mazungumzo yote, si vipande vinavyokupendeza. Meseji za sauti ziache zilipo; kuzirekodi upya kwa simu nyingine kunafuta tarehe na kuzua maswali. Chukua taarifa ya miamala kwa mtoa huduma wako. Anayeprinti aape kiapo kinachotaja simu na printa iliyotumika, na kwamba hakubadili kitu.

"Laini ni yake, basi ndiye aliyeandika." Alama ya kidole inamtambulisha aliyesajili, si aliyeshika simu, na madalali huazimana simu kila siku. Laini zako zikague kwa *106#. Laini usiyoijua iliyo chini ya NIDA yako, ipeleke kwa mtoa huduma ifungwe.

La mwisho ni la waliokopa kwa simu: "Ulibonyeza kukubali, kwa hiyo programu ya mkopo inaruhusiwa kuwatangazia ndugu zako deni." Hapana. Ndugu hao hawakubonyeza chochote, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayotumika tangu 1 Mei 2023, inawalinda nao. Lalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Deni lenyewe, hata hivyo, halifutiki.