Je, wajua kwa nini kocha wa judo hunyamaza pambano likiwa limepamba moto?

Kocha wa mpira anaweza kupiga kelele dakika zote 90 na asishangaze mtu. Wa judo hukaa kitini pembeni mwa tatami, yaani mkeka wa pambano, kimya, hata mwanafunzi wake akiwa amebanwa chini. Ndivyo ilivyokuwa kwenye Olimpiki ya Paris 2024, ambako Tanzania iliwakilishwa na Andrew Thomas Mlugu katika uzito wa kilo 73, na ndivyo ilivyo popote zinapofuatwa kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Judo.

Kocha anaruhusiwa kusema pale tu refa anapotamka "matte", yaani simameni, hadi atakapotamka "hajime", yaani anzeni. Kanuni hii iliingia katika miaka ya kuelekea Olimpiki ya Rio 2016. Inazuia kelele za pembeni kuendesha pambano, na pia inamkinga refa: ishara za mikono za kumdai adhabu dhidi ya mpinzani nazo haziruhusiwi. Kocha anayevunja kanuni huonywa. Akirudia, huondolewa kitini na mwanafunzi hubaki peke yake.

Sasa tazama matte ilivyo. Refa ananyosha mkono usawa wa bega, kiganja kikimwelekea mtunza saa, na saa inasimama. Wachezaji wanaachiana, wanarudi mahali pao, wanafunga vizuri judogi, yaani vazi la judo, na mkanda. Ni sekunde chache tu. Mwanafunzi anahema, masikio yanavuma damu, ukumbi una kelele. Kocha akimpa maagizo matatu, atashika la mwisho au hatashika hata moja. Kwa hiyo ni agizo moja, la maneno mawili au matatu, tena liwe la kitendo. "Jitahidi!" na "Tulia!" hayamwambii mkono uende wapi.

Makocha wazuri hukubaliana na wanafunzi maneno hayo mazoezini, wiki nyingi kabla. Tuseme mwanafunzi anapigana kwa mkono wa kulia na mpinzani ni wa kushoto. Mikono yao ya kola inagongana katikati, kila mmoja akitaka wake uwe ndani. Mwanafunzi anang'ang'ania kola, anasukumwa, anachoka. Neno "Mikono!" limekwisha kukubaliwa kuwa na maana ya: acha kola kwanza, kamata mkono wa judogi ya mpinzani, ndipo uingize mkono wako kolani. "Kati!" maana yake mstari wa mpaka uko mgongoni, zunguka urudi katikati, kwa sababu kutoka nje ya eneo bila kushambulia huleta adhabu ya shido. Mbinu mpya haifundishwi hapo kabisa. Asiyeipiga mara mamia mazoezini hataipata mbele ya watu.

Kazi nyingine ya matte ni kumpa hesabu. Pambano la watu wazima ni dakika 4, na shido ya tatu humtoa mchezaji. Mpinzani akiwa na shido mbili na imebaki dakika moja, agizo ni "Shambulia kweli!" Hilo "kweli" lina uzito: shambulio la uongo, la kujiangusha tu ili uonekane unapigana, nalo huadhibiwa. Saa ikiisha bila mshindi, pambano huendelea bila kikomo cha muda hadi apatikane wa kwanza kufunga, na shido za awali hazifutwi. Hapo agizo hubadilika, maana mbinu ya nusunusu inayojibiwa vizuri imemaliza mashindano.

Pagumu kuliko pote kwa kocha ni mwanafunzi anapokandamizwa mgongo chini. Hakuna matte ya kumwokoa. Kwa kanuni za tangu 2025, sekunde 5 humpa mpinzani yuko, yaani alama ndogo, 10 waza-ari, alama kubwa zaidi, 20 ippon, alama kamili, na ippon ndiyo mwisho. Kocha hawezi kutamka kitu, basi jibu lazima liwe tayari mwilini mwa mwanafunzi: ageuke ubavu, atoe kiuno, anase mguu wa mpinzani kati ya miguu yake miwili. Mguu ukinaswa, refa hutamka "toketa", yaani amejinasua, na hesabu hukatika. Ndiyo maana zoezi la kujinasua hufanywa kimya mazoezini, kocha akitazama saa tu.

Akishindwa, somo refu lisubiri. Katika mfumo wa kawaida wa shirikisho, anayeshindwa robo fainali hurudi kuwania shaba, na kila mchezaji ana haki ya kupumzika dakika 10 kati ya pambano na pambano. Dakika hizo ni za maji kidogokidogo, nguo ya kuzuia mwili usipoe, kukanda mikono iliyokakamaa kwa kushika judogi, na mwishoni neno moja la pambano linalofuata.